Nyoka wa Nyamizi

"Mcheka ukili huulalia." Mmemsikia shangazi yenu akiisema, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Basi kaeni. Methali hiyo ilianzia barazani kwa Bi Mize.

Alikuwa hodari wa kusuka mikeka huyo Bi Mize, na ulimi wake ulivishinda vidole. Binti yake, Raya, alikuwa aolewe Ijumaa. Desturi yao, mkeka wa bibi harusi ushonwe kwa kili za majirani, ile mikanda mirefu iliyosukwa, kila nyumba isuke ukili wake. Mkeka wa mkono mmoja, walisema, ni wa mtu asiye na watu. Wanawake wakaja na miyaa yao, majani ya mkindu yaliyochanwa, wakasuka na kusogoa.

Kati yao alikuwamo Nyamizi, aliyeolewa kutoka Tabora, hata mwaka hajatimiza. Kusuka alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Ukili wake ulibana hapa, ukapanuka pale. Bi Mize akaunyanyua wote wauone, akauliza kama ule ni ukili au nyoka aliyemeza mayai. Baraza zima likacheka. Nyamizi naye akacheka, lakini akakusanya miyaa yake akaenda zake.

Kesho yake hakuja mtu. Kila mmoja aliuangalia ukili wake, akaona kasoro, akajiuliza yeye ataitwa nani. Jumatano ikafika, mkeka haujazidi upana wa msala wa kuswalia. Bi Mize akapita nyumba kwa nyumba. Huyu kidole kimeota jipu, yule ana mgeni, yule miyaa imemkaukia. Alijua wanamkwepa, na alijua kwa nini. Ikabaki nyumba moja, na miguu ilikuwa mizito kuiendea.

Alimkuta Nyamizi uani, kando yake ukili umekunjwa mviringo, mkubwa kama ungo.

"Wote huo umesuka peke yako, mwanangu?"

"Nilikuwa najifunza, mama. Lakini ni yule yule nyoka."

"Amemeza mayai mangapi?"

"Nimeacha kuhesabu."

Bi Mize akacheka. "Nilikukosea mbele ya watu. Na leo nimekuja kumwomba huyo nyoka wako, Raya asije akaketi sakafuni."

Nyamizi akaunyanyua ukili wake. "Twende, mama. Ila kushona sijui. Utanifunza, na hutanicheka."

"Nikikucheka, nidunge sindano."

Alhamisi kutwa wakashona, mpaka mkeka ukaenea chumba. Ijumaa asubuhi Bi Mize akasema anajinyoosha kidogo tu, aupime. Usingizi ukambeba. Wanawake waliokuja kumpamba Raya wakamkuta anakoroma, na walipomwamsha, shavu zima lilikuwa limechorwa mistari ya ukili, imepinda huku na huku. Walicheka hadi kanga zikawadondoka. Bi Mize akajitazama kwenye kioo, akacheka kuwashinda wote, akatoka kupokea wageni na shavu lake vile vile. Na kila aliyemwuliza amepatwa na nini, alimjibu kwa kinywa chake mwenyewe:

"Mcheka ukili huulalia."