Sindano Zilizokomea Mlangoni

Ndugu zangu, mashahidi wote, wa upande wa mume na wa mke, walikubaliana juu ya haya: mtoto alizaliwa na kaswende, ngozi ya viganja na nyayo zake ilikuwa ikibambuka, penisilini ilikuwapo zahanati, na sindano alizoanzishwa zilikatizwa kabla ya dozi kwisha. Ubishi ulibaki juu ya sababu.

Baba wa mtoto alikuwa mzee wa kanisa. Alidai kwamba aliwarudisha nyumbani mkewe na kichanga kwa kuwa mila inamtaka mzazi akae ndani mpaka arobaini. Muuguzi aliwafuata, akaeleza kwamba dozi isipokamilika mtoto angeweza kufa. Mume alimjibu mlangoni.

"Nesi, mzazi wa hapa ananyweshwa uji wa pilipili manga, hazururi. Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa, mzee. Lakini ugonjwa huu haungoji arobaini."

Mke akasema kutoka ndani, "Mume wangu, mtoto anatoka damu puani." Mlango ulifungwa. Mtoto alizikwa arobaini haijafika.

Ndipo mume akamshtaki mkewe mbele ya baraza la wazee: ameleta maradhi nyumbani, arudishwe kwao. Mzee mmoja akauliza, kwa adabu tu, "Na wewe mwenzetu, u mzima?"

"Mimi ni safi," akajibu. "Nilichomwa penisilini mjini, mimba yake ingali changa."

Lipimeni jibu hilo. Aliujua ugonjwa. Aliijua dawa, maana ilimponya. Alijua mkewe ni mjamzito, akanyamaza. Je, mila ilimzuia yeye kwenda mjini? Kwa nini basi imfunge kichanga asiyeweza hata kugeuka kitandani?

Baraza lilimsifu kwa ukweli wake, kisha likamwamuru mke atubu.

Na majirani? Walikwenda kumpongeza mzazi, wakapeleka kanga na sabuni. Waliviona viganja vile, wakasema mtoto kachukua sura ya baba yake, wakanywa chai, wakaaga. Makaburini waliyaita yote mapenzi ya Mungu, ilhali dawa ilikuwa kabatini, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Majirani hao ni sisi. Hatia ya mume sina shaka nayo. Ya baraza, na ya sisi tuliokunywa chai ile, ushahidi mmeusikia. Hukumuni wenyewe.