Tonge la Kwanza la Shukrani ya Somoe

Sogeeni. Mwenye haraka aondoke sasa, sipendi kusimulia mtu akitazama mlango.

Mikindani palikuwa na mpishi wa harusi, jina lake Somoe, ambaye hajapata kutia sigara mdomoni. Alizungukwa na wanawake watatu. Bintiye, Zamoyoni, alikuwa na jicho: doa dogo kama punje ya ulezi analiona. Mama mkwe wake, Bi Mwanashaha, alikuwa na ulimi: akisema neno asubuhi, adhuhuri mji mzima unalo. Kungwi wake, Bi Tausi, alikuwa na kifua: siri ikiingia haitoki.

Basi Somoe akaanza kukohoa, mfungo mosi hata mfungo sita, miezi sita mizima.

Zamoyoni aliiona damu kwenye kanga. Akaifua kwa siri, miezi mitatu. "Mwanangu, washenga wanakuja," mama alimwomba. "Wakijua nyumba hii ina ugonjwa wa kifua, nani atakuoa?" Naye akanyamaza, kwa kuwa alimtaka yule mwanamume aliyemposa. Nasema wazi: alimtaka. Siku washenga walipoketi, mama akaanguka jikoni kwa kukohoa. Zamoyoni akaichukua kanga ile, mbichi na damu yake, akaianika kwenye kamba mbele yao. Washenga wakatazamana, wakavaa viatu. Posa ikaishia hapo.

Hata hivyo Somoe aligoma kwenda hospitali. "Wakikuta pafu bovu, watasema kumbe kweli navuta." Maneno hayo yalitoka kwa Bi Mwanashaha. Aliokota vichungi vya sigara nyuma ya jiko, akawaonyesha majirani: "Mpishi wenu huyo, anafuka kama tanuri la chokaa." Na alijua ni vya mwanawe Hemedi, mume wa Somoe! Alipoiona kanga kwenye kamba, hakulala vizuri. Kwenye hitima ya jirani, mbele ya wanawake wote, akasimama. "Vichungi ni vya mwanangu. Nilijua. Nilimsingizia." Mmoja akamrushia: "Na ulimi huo sasa utautia wapi, bibi?" Kesho yake Somoe akakubali kwenda.

Hospitalini daktari, mwanamke mpole, akamwuliza: umezaa mara ngapi, ulianza na umri gani, unakula nini, unapikia wapi? Mama mkwe kaketi ubavuni, kungwi nyuma yao.

"Mara tano, daktari. Nakula vizuri. Moshi kidogo tu. Damu? Hapana."

Daktari akaanza kuandika dawa ya kikohozi. Bi Tausi akaushika mkono wenye kalamu.

"Anakudanganya. Damu anatema. Amezaa mara saba, wa kwanza na miaka kumi na mitano. Wawili wa mwanzo aliwazaa kabla ya ndoa hii, wakafa bila kulia. Kila uzazi siku arobaini ndani, madirisha yamefungwa, jiko la makaa uvunguni. Miaka ishirini yumo kwenye moshi wa kuni. Analisha watu mia tatu, yeye anakula ukoko na chai ya rangi." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Na kile kitambaa cha harusi nilichokutolea, ukakipigia vigelegele, ilikuwa damu ya kuku."

Bi Mwanashaha akautazama ukuta.

"Sisemi hayo ndiyo yaliyomwuguza," daktari akasema. "Wasomi wenyewe bado wanabishana kwa nini asiyevuta naye huugua. Ila hatoki hapa bila picha."

Wakapiga picha, wakapima: saratani ya pafu, kivimbe kidogo. Kikakatwa. "Mmemleta kingali cha kukatika," daktari akawaambia.

Somoe akapona, akafanya shukrani. Kwa desturi ya nyumba yao, mwenye shukrani humlisha aliyemwokoa tonge la kwanza kwa mkono wake, na mpaka huyo ale, hakuna mkono unaoingia siniani. Pilau alipika Hemedi, uani peupe, na chini ameiunguza. Huyo simtii kwenye hesabu.

"Fungua kinywa, mwanangu," Somoe akasema.

"Nilifua damu miezi mitatu, mama. Mpe bibi."

"Mimi? Bila ulimi wangu ungekwenda hospitali zamani. Mpe kungwi wako, fundi wa kuku."

Bi Tausi, ambaye toka siku ile ya kutoa siri hajaitwa nyumba yoyote kumfunda mwari, akainamisha kichwa. "Hilo nimelistahili. Lakini miaka yote nilimwona akila ukoko, nikamsifu kwamba huo ndio uanamke. Si mimi."

Pilau ikaanza kupoa. Wageni wakatazama mikeka.

Haya, nawageukia nyie. Msiniambie wote watatu. Tonge ni moja, na hilo si jibu, ni kukimbia. Msiniambie ale Somoe mwenyewe. Mwenye shukrani hulisha. Bila kanga ile, bila maneno ya kwenye hitima, bila siri ile kutoka, leo tungekuwa tunasoma hitima yake. Na hakuna kati yao ambaye hakumchelewesha.

Mkono wa Somoe bado uko juu na tonge lake, na mshono ubavuni unamuuma. Je, wewe ungelitia kinywani mwa nani?