Ng'ombe wa Nakijwa na Pengo Ubaoni

Huko milimani paliishi tajiri aitwaye Semboja, aliyekipenda Kiingereza kuliko chakula. Siku moja alimswaga ng'ombe wa mjane Nakijwa, akamfungia zizini kwake. Nakijwa akamshtaki kwa wazee, nao wakakutana darasani.

"Huyu ng'ombe wa kizungu," Semboja alisema. "Asiyejua Kiingereza atamwitaje?"



"Nimeshindwa, bwana mkubwa," Nakijwa alisema. "Mchukue. Ila nisaidie zoezi la mwanangu, limenitoa jasho." Akashika chaki, akaandika ubaoni sentensi ya Kiingereza yenye pengo mwishoni. "Hapa niweke my au mine?"

"Mine! Hata hilo hulijui?"

"Nisomee yote basi, nisikie kama linakaa."

Semboja akasimama, akafunga vifungo vya koti, akanguruma: "I stole this cow because it was not mine!"

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akawageukia wenzake. "Anasema, 'Nilimwiba ng'ombe huyu kwa sababu hakuwa wangu.' Na sarufi yake haina kosa hata moja."

Nakijwa alikuwa ameshatoka, anakwenda kufungua zizi.