Mfuniko wa Makaa na Kikombe cha Maji

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Tanga, naye kaletewa na jirani yake, na aliyeianza hajulikani. Nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wakaniuliza kulikoni. Isome yote, kisha mpelekee yule ndugu yako aliyenunua raba tangu mwezi wa pili na bado zimo ndani ya boksi.

Palikuwa na mama mmoja pale Tanga, jina lake Bi Sihaba, pishi wa shughuli. Kwa miaka thelathini hapakuwa na harusi ya maana mtaani kwao ambayo pilau yake haikupita mikononi mwake. Viungo vya dukani hakuviamini. Kila asubuhi alikaanga vyake na kuvitwanga mwenyewe, ndipo aanze mambo mengine ya siku.

Sasa mtu anayeonja vyungu kutwa hawezi kubaki mwembamba. Alipofika miaka hamsini na nane alikuwa na kilo mia na kumi na nane, na magoti yalikuwa yameanza kumgomea. Daktari akamwanzishia matibabu ya kupunguza uzito: sindano moja kila Ijumaa, sahani ndogo, na kila mwezi kwenye mizani.

"Bi Sihaba," daktari akamwambia, "dawa hii itakupunguza, lakini haichagui cha kuondoa. Ukikaa tu, itaondoka na mafuta na nguvu zako pia. Kula mayai, samaki, maharage. Na uende jim ukanyanyue vyuma."

"Jim, daktari? Mimi?"

"Wewe."

Bi Sihaba akaitikia ndiyo, ile ndiyo ya kumaliza mazungumzo, akaenda zake. Jim hakwenda.

Kilo zikashuka hivyo hivyo. Miezi mitano, kilo kumi na tisa. Madera yakampwaya, akayapeleka kwa fundi, na kila aliyekutana naye njiani alimgeuza huku na huku amtazame vizuri. Magoti yakanyamaza. Alifurahi, na kwa nini asifurahi?

Mpaka ikaja harusi moja ya watu.

Asiyejua pilau ya shughuli ajue hivi: ikikaribia kuiva hufunikwa mfuniko mpana mzito, na juu ya mfuniko hupangwa makaa ya moto, ili iive juu na chini. Kuifungua ndiyo kazi yenyewe. Mfuniko unanyanyuliwa pamoja na makaa yake, umelala sawasawa kama sinia, unawekwa pembeni. Ukiinama kidogo tu, umeharibu.

Siku hiyo Bi Sihaba alikunja matambara mikononi kama alivyofanya mara elfu, akanyanyua. Mikono ikatetemeka. Mfuniko ukalala upande mmoja, na makaa na majivu yakamwagika ndani ya pilau ya watu mia mbili.

Hakuna aliyemtukana. Waliinamisha macho, wakachota kilichoharibika, wakapakua kilichobaki. Bi Tatu, msaidizi wake wa miaka mingi, akauchukua mwiko mkononi mwake polepole. Ingekuwa afadhali wangemtukana.

Na baada ya wiki tisa ilikuwa harusi ya mjukuu wake, Mwanahawa. Huyu Mwanahawa, tangu ana miaka saba, alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya bibi yake jikoni na kumwambia kila mtu, "Mfuniko wa harusi yangu atafungua bibi, si mwingine." Bi Sihaba alikuwa amemwahidi, na wakashikana mikono.

Sasa mwanawe Seifu, ambaye ni mjomba wa bibi harusi na ndiye msimamizi wa shughuli yote, akaja na maneno ya adabu.

"Mama, siku hiyo wewe ni mgeni wa heshima. Tutakuwekea kiti cha mbele. Bi Tatu atapika."

Kiti cha mbele. Pishi akae kwenye kiti cha mbele, ameshika pochi, wakati mtu mwingine anafungua sufuria ya mjukuu wake. Bi Sihaba aliingia chumbani akalia sana. Kesho yake akaenda kununua raba.

Nje ya jim alisimama kitambo, akijifanya anatafuta kitu mkobani. Alipoingia akakuta vioo kila ukuta, hata akigeukia wapi anakutana na Bi Sihaba mwingine, wote wamevaa dera juu ya suruali na raba nyeupe mpya. Na katikati ya vyuma alikuwako kijana mmoja, Mzamiru jina lake, mwenye mikono minene kuliko mapaja ya watu wengine. Mzamiru akaacha kunyanyua. Akageuza shingo, akamkodolea macho.

Bi Sihaba alikuwa tayari kurudi nyumbani, lakini mwalimu wa pale akawa ameshamfikia. Alikuwa msichana mfupi asiyecheka ovyo, watu wakimwita Kocha Leokadia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Karibu. Unataka kupunguza kilo ngapi?"

"Kilo zinapungua zenyewe, nachoma sindano. Mimi nataka kufungua pilau."

Leokadia akaweka kalamu chini. "Nieleze."

Bi Sihaba akamweleza yote, mpaka majivu. Leokadia alisikiliza, akamuuliza sindano anachoma siku gani, amekula nini asubuhi, kizunguzungu anasikia au hasikii, akaandika. Kisha akaleta chuma cha duara, kidogo tu, cha kilo mbili na nusu, na juu yake akaweka kikombe kilichojaa maji mpaka ukingoni.

"Shika kwa mikono miwili. Nenda mpaka kwenye kile kioo, urudi. Maji yasimwagike."

"Hiki kichuma tu?"

Hatua ya nne maji yalikuwa kifuani kwake.

Ndivyo alivyoanza. Jumamosi, siku moja baada ya sindano, kichefuchefu kilimlaza, kwa hiyo wakapanga Jumanne na Alhamisi. Alikaa kwenye benchi na kuinuka, akakaa na kuinuka, mpaka mapaja yakawaka moto. Alivuta kamba yenye vyuma. Na mwisho wa kila siku, kikombe. Akikizungusha jim nzima bila kumwaga, Leokadia haongezi sifa, anaongeza chuma, na maji yanamwagika upya. Wiki ya tatu Bi Sihaba alijikuta anacheka peke yake akiwa ameloa. Alikuwa hajawahi kujua kwamba kushindwa kunaweza kuwa kutamu hivyo.

Kilichomnyima raha ni Mzamiru. Akienda kwenye benchi, Mzamiru anahamia benchi la pili. Akienda kwenye kamba, Mzamiru yuko nyuma yake. Hasemi kitu. Anafumba macho tu na kuvuta pumzi ndefu kupitia puani.

Bi Sihaba akajua kumekucha. Akarudi nyumbani akajinusa. Akaoga mara mbili kabla ya kwenda, akavaa dera lililotoka kwenye kamba ya kuanikia asubuhi ile ile. Mzamiru akavuta pumzi vile vile.

Wiki ya sita akamvuta kocha pembeni.

"Mwanangu, yule kijana ananinusa."

"Anakunusa?"

"Kama paka aliyesimama nje ya bucha. Mimi ni mtu mzima, sikuja hapa kuchekwa jasho langu."

"Mzamiru ana mashindano ya kutunisha misuli," Leokadia akasema. "Siku hizi haongei na mtu, hata mimi haniamkii. Usimjali."

Rahisi kusema. Alhamisi Bi Sihaba hakwenda. Jumanne hakwenda. Raba zikarudi kwenye boksi.

Jumatano asubuhi alikuwa anatoa maji bombani kuyapeleka jikoni, Mwanahawa akaingia na habari zake: nguo ya harusi imechelewa, wapambaji wamebadilisha rangi, mama mkwe ametuma salamu za mafumbo. Bi Sihaba akasimama uani kumsikiliza, akamjibu, akamtania, akamtuliza. Mazungumzo yalikuwa marefu.

"Lakini bibi," Mwanahawa akasema mwishowe, "si uitue hiyo ndoo?"

Bi Sihaba akatazama chini. Ndoo ya lita ishirini ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wake mmoja, imejaa, na muda wote ule alikuwa amesahau kwamba ipo. Akatazama sakafu. Ilikuwa kavu.

"Mwanahawa," akasema, "niletee raba zangu. Ziko kwenye boksi. Huyo kijana anuse mpaka achoke."

Siku ya harusi ilifika. Seifu alikubali mama yake asimamie mapishi pamoja na Bi Tatu, lakini juu ya mfuniko hakutaka mchezo. Ile habari ya majivu ilikuwa imeshazunguka mji. Kwa hiyo pilau ilipokuwa imepaliwa makaa, na Bi Sihaba ameshakunja matambara mikononi, Seifu akaja uani ameongozana na mtu.

"Mama, kaa upumzike. Huyu ni binamu yake bwana harusi. Hapa hakuna mwenye nguvu kumshinda. Atafungua yeye."

Alikuwa Mzamiru, ndani ya kanzu iliyombana mikononi.

Bi Tatu akatazama moto. Mwanahawa, mwenye hina mpaka viwikoni, alikuwa akichungulia dirishani, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. Kati ya watu wote wa Tanga, aje huyu.

Mzamiru akautazama mfuniko. Akamtazama Bi Sihaba. Kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mimi simo," akasema.

"Unasemaje?" Seifu akauliza.

"Kunyanyua nitanyanyua, ila nitamwaga. Huyu bibi nimemwona kwa macho yangu akizunguka jim nzima na chuma cha kilo kumi na tano, na kikombe cha maji juu yake. Hamwagi hata tone. Siku moja alipoondoka nilikijaribu kile kikombe. Nililowa mpaka soksi." Akamgeukia Bi Sihaba. "Bibi, fungua."

Bi Sihaba hakungoja Seifu apate la kujibu. Alitanua miguu, akashusha makalio kidogo kama alivyofundishwa, akashika. Mfuniko ukanyanyuka. Makaa yalikuwa mekundu juu yake, majivu laini yametulia pembeni, na hakuna kilichosogea. Akapiga hatua moja, mbili, tatu, akautua juu ya matofali taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Bi Tatu akachungulia sufuria. Ilikuwa safi, punje kwa punje. Akapiga kigelegele cha kwanza yeye, na uani kote wakapokea. Mwanahawa alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni, wapambaji wakaanza kazi upya.

Mvuke ulipopanda, Bi Sihaba alisikia mtu nyuma yake anavuta pumzi ndefu. Akageuka. Mzamiru alikuwa amefumba macho.

"Sasa niambie, baba," Bi Sihaba akasema, "kule jim ulikuwa unaninusa nini?"

Mzamiru akainamisha kichwa, na lile jitu lote likawa kama mwanafunzi aliyechelewa shule.

"Bibi, nisamehe. Kwa ajili ya yale mashindano, miezi minane nimekula kuku wa kuchemsha asiye na chumvi. Wewe ukiingia, iliki inatangulia, mdalasini unafuata, kisha bizari. Nikikaa karibu yako ndiyo napata nguvu ya kumaliza zoezi. Zile siku hukuja, nilishindwa kunyanyua chochote."

Bi Sihaba akanusa mkono wake mwenyewe. Hakusikia kitu. Miaka thelathini ya kutwanga viungo, pua yake ilikuwa imeshazoea.

"Na mashindano yenyewe lini?"

"Yalikuwa jana."

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa nne."

"Kati ya wangapi?"

"Watano," Mzamiru akasema, na Bi Sihaba akacheka mpaka akashika ukuta.

Sahani ya kwanza ya pilau ile alipewa Mzamiru. Alikula tatu. Bi Sihaba alikula yake ndogo, kama daktari alivyomwagiza, amesimama kando ya sufuria na mwiko mkononi. Jirani mmoja akamuuliza sasa amefika kilo ngapi, naye akamjibu kwa kweli kabisa kwamba mwezi huu amesahau kupima.

Baadaye Seifu akaja, aibu imemjaa usoni, amekibeba kile kiti cha mbele chenye kitambaa.

"Mama, angalau sasa kaa."

"Mpe huyu," Bi Sihaba akasema, akimwonyesha Mzamiru aliyekuwa anakomba sahani ya tatu. "Yeye ndiye aliyechoka."

Funzo: Usiache ulichokianza kwa kuogopa macho ya watu, maana wengi wanaokutazama hawakucheki, wana njaa zao wenyewe. Na ukitaka kujua umefika wapi, usiulize mizani peke yake. Uliza mikono yako leo inaweza kubeba nini.