Pole Haibebi Mtoto

"Pole haibebi mtoto," alisema Bibi Nakiete, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi aliyokuwa akiimenya.

Ilikuwa asubuhi ya maandalizi ya harusi. Wasichana waliokaa naye kuzunguka beseni walikuwa wametoka tu kumpa pole mwenzao Eliwaza, aliyekuwa akikoroga sufuria kubwa huku mwanawe akimlilia mgongoni. Walimpa pole nzuri, ya kuvuta, kisha wakarudi kwenye umbea wao. Waliposikia neno la bibi wakacheka, kwa kuwa methali hiyo waliijua tangu utotoni. Ila mmoja wao, Nanzia, akauliza ilianzia wapi na nani aliyeitamka kwanza. Bibi akasema kwamba wakiendelea kumenya ataeleza, na wakiacha kumenya naye atanyamaza. Methali hii, akaanza, haikuletwa na mgeni. Ilizaliwa hapa hapa kitongojini, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mama mmoja aitwaye Nakundwa. Mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, akipanda mlima kuja nyumbani kwa nadra. Mtoto wao wa kwanza, Hadasa, alizaliwa kwa uchungu mrefu, na kadiri alivyokua ikaonekana kwamba mwili haumtii. Shingo ilichelewa kukaza, mikono ilijikunja, na akishtuka miguu ilikakamaa kama mti. Hospitalini wakasema ni mtindio wa ubongo. Watu wa kitongoji, ambao kila mmoja ni daktari asiye na dawa, wakasema mengine yasiyofaa kurudiwa mbele ya chakula.

Lakini Nakundwa alimpenda mtoto wake mapenzi yasiyo na hesabu. Alijua kwamba Hadasa anaelewa kila kinachosemwa. Akitaka kusema ndiyo aliinua macho juu, akikataa aliyafumba, na jambo likimchekesha alitoa sauti nyembamba iliyowafikia majirani. Tena alichekeshwa na mambo mengi, hasa watu wazima wanaojikwaa.

Sasa nyinyi mnaujua msaragambo, ingawa siku hizi mnaukimbia. Pembe ikilia alfajiri, kila nyumba hutoa mtu na jembe, watu wakaenda kuzibua mfereji au kutengeneza njia, kisha wakala makande pamoja. Msimamizi wake wakati huo alikuwa Mzee Senkoro. Alikuwa mkali kwa wavivu, sauti yake ikivuka bonde bila kuhitaji pembe, lakini moyo wake ulikuwa laini kuliko ndizi hizi. Alipoona hali ya Hadasa, alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba tangu siku hiyo Mama Hadasa asiitwe kwenye msaragambo, kwa maana ana mzigo wake unaomtosha. Watu wote wakaitikia. Wakapita nyumbani kwake mmoja mmoja kumpa pole.

Ilikuwa huruma ya kweli, na Nakundwa aliwashukuru. Mwaka wa kwanza alipumzika. Mwaka wa pili akaanza kuona kitu alichopoteza. Msaragambo si jembe tu. Pale ndipo watu hupanga zamu za maji, pale ndipo wanapoamua njia ipite wapi, na pale pale kwenye makande ndipo wasichana huposwa na ugomvi hupatanishwa. Asiyekuwepo hasemewi. Njia iliyopita karibu na nyumba yake iliachwa ikaota magugu, ikachimbwa nyingine upande wa pili wa korongo. Darasa jipya likajengwa na mlango wake ukawekewa ngazi ndefu za mawe, kwa kuwa waliokuwa pale siku ya kujenga walikuwa na watoto wenye miguu ya mbuzi. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Hawakumkumbuka tu, na anayesamehewa kila kitu huishia kusahauliwa.

Naye alikuwa mtu wa kukumbukwa! Kabla hajazaa, Nakundwa ndiye aliyekuwa akiimbisha nyimbo za kazi. Aliutupa wimbo nayo majembe yakaupokea, hata wazee wakasahau viuno vyao. Tangu alipopewa ruhusa ya kubaki nyumbani, kazi ya mfereji ilidorora, na Mzee Senkoro akawalaumu vijana kwa kula vibaya.

Hadasa alipofika umri wa kuanza shule, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule hospitalini alimwambia Nakundwa kwamba mtoto ana akili timamu na anaweza kusoma, ila ni lazima apate kiti kinachomshika, maana mtoto asiyeweza kuketi hutumia nguvu zake zote kupigana na kuanguka. Kiti chenyewe pale hospitalini hakikuwepo. Mwalimu Tumsifu wa darasa la kwanza naye alisema kwa moyo mweupe kwamba atampokea Hadasa, lakini atamkalisha wapi? Basi mama akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, akiwa na ahadi mbili na kiti hakuna. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Hadasa aliwaona watoto wa jirani wakijaribisha sare, akainua macho juu, akayaacha huko huko juu muda mrefu. Nakundwa aligeuka akalia upande wa jiko ili mtoto asimwone.

Alfajiri iliyofuata pembe ikalia. Nakundwa akamfunga Hadasa mgongoni kwa mbeleko, akachukua jembe, akashuka mferejini.

Watu walipomwona wakaacha kuchimba. Mzee Senkoro akamwendea haraka, akamwambia kwa upole kwamba bila shaka hakuna aliyemwita, kwamba ruhusa yake ipo pale pale, arudi akapumzike. Wengine nao wakamzunguka. Pole, Mama Hadasa. Pole sana, mwenzetu. Pole na mzigo.

Nakundwa akasubiri hadi pole zikaisha.

"Baba," akamwambia Mzee Senkoro, "pole zenu nimezipokea tangu mtoto huyu hajaota meno. Nimezishukuru zote. Lakini nionyesheni moja tu iliyowahi kumbeba Hadasa hata kutoka mlangoni hadi kwenye kivuli."

Mzee Senkoro akaanza tena habari ya ruhusa.

"Basi mimi sikuja kutafuta ruhusa. Nimekuja kuchimba. Na siwezi kuchimba na mtoto mgongoni." Akafungua fundo la mbeleko. "Nipokee."

Mzee Senkoro alikuwa mzee wa heshima, na katika maisha yake alikuwa hajabeba mtoto yeyote zaidi ya muda wa kupigwa picha. Lakini mama alikwisha kumnyooshea mtoto, na mikono ikanyooka yenyewe. Hadasa akashtuka, akakakamaa, mguu wake ukapiga kofia ya mzee ikatumbukia mferejini. Mzee akaikimbilia, akakumbuka ana mtoto, akajikwaa, nusura waifuate wote wawili. Hadasa akacheka ile sauti yake nyembamba. Watu wakajizuia, wakashindwa, nao wakacheka.

Nakundwa hakuenda kumsaidia. Alishika jembe, na baada ya mapigo machache, bila kufikiri, akautupa wimbo. Kwanza sauti ilikwama kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Kisha ikafunguka. Majembe yakaupokea kama zamani, na wapo waliochimba huku machozi yakiwatoka wakisingizia jasho.

Mzee Senkoro alihangaika peke yake pembeni. Akimlaza mtoto mikononi, alikakamaa. Akimsimamisha, aliporomoka. Mwishoni akaketi juu ya jiwe, akaweka goti moja nyuma ya mgongo wa mtoto, mkono mmoja ubavuni, mwingine ukizuia kifua, na miguu ya mtoto ikakanyaga juu ya mguu wake. Hapo mwili wa Hadasa ukatulia wote. Shingo ikanyooka, mikono ikalegea, na akaanza kutazama. Alitazama maji, majembe, mama yake anayeimba. Mzee akaogopa hata kukohoa asije akauvunja utulivu ule. Akakaa hivyo mpaka mgongo wake ukawaka moto na mguu ukafa ganzi, na ndipo alipoelewa mama huyu amekuwa akifanya nini kila siku wakati wao wakimwachia apumzike.

Wakati wa makande hakula kwanza. Akamuuliza Nakundwa mbele ya watu wote, "Mwanangu, mtoto huyu anahitaji nini?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nakundwa akaeleza habari za kiti, za njia iliyoota magugu na za ngazi za darasani. Mzee Senkoro akatangaza papo hapo kwamba msaragambo unaofuata hautakuwa wa mfereji. Utakuwa wa Hadasa.

Fundi Mbonea, seremala wetu, akapewa kazi ya kiti. Naye kwa kutaka sifa akatengeneza kiti cha kifahari, cha mninga, chenye mikono ya kuchonga, kinachomfaa askofu. Walipomketisha Hadasa, akateleza taratibu mpaka chini. Fundi akaona sifa zake zimekwisha. Akajitetea kwamba alimpima mtoto kwa macho na macho yake hayajawahi kukosea.

"Umempima mtoto," akasema Mzee Senkoro. "Hukumpima anayemshika."

Akaketi kwenye kigoda, akampakata Hadasa vile vile alivyompakata kule mferejini, akamwamuru fundi aanze kupima. Mbonea akapima goti la mzee, mkono wa mzee, nafasi kati ya kifua na kiganja. Nakundwa akasimama kando akirekebisha: hapo palegee kidogo, hapo pabane, huo mguu upande juu. Mzee akatii kila alichoambiwa, akitulia kama ubao, na Hadasa akimcheka waziwazi. Kiti cha pili kilikuwa cha mbao nyepesi, chenye kishikio kila ubavu, mkanda wa turubai kifuani, pa kukanyagia miguu, na kibao cha mbele cha kuwekea daftari. Mtoto alipowekwa humo akatulia, akanyoosha shingo, akawatazama wote mmoja mmoja. Kisha akainua macho juu. Mama yake hakugeukia jikoni safari hii. Alilia pale pale mbele ya watu, huku akicheka kuliko wote.

Wanaume wakafyeka njia ya zamani. Wanawake wakabeba mawe na udongo, ngazi za darasani zikafukiwa upande mmoja ukawa mteremko laini. Nakundwa akaimbisha kuanzia asubuhi hadi makande.

Siku ya kufungua shule, Nakundwa alipanda njia ile mapema, Hadasa mgongoni akiwa na sare mpya, na kile kiti kikiwa kichwani. Mnaujua mlima wetu. Alipofika kwenye kona kali akasimama kuvuta pumzi. Wanaume kadhaa waliokuwa wakienda shambani wakampisha kwa heshima, na mmoja, kwa mazoea ya miaka yote, akasema, "Pole, Mama Hadasa."

Nyuma yao ikasikika sauti ile inayovuka bonde.

"Pole haibebi mtoto," alisema Mzee Senkoro. "Shika kiti."

Yule bwana akashika kiti. Mwingine akachukua mkoba wa daftari. Mzee mwenyewe akafungua mikono, na Nakundwa akamfungua Hadasa mgongoni, akampa. Wakapanda hivyo hadi shuleni, mama akitembea mikono mitupu mbele yao. Kwa muda hakujua aiweke wapi, mpaka mmoja akamwambia aimbe. Akaimba.

Tangu siku hiyo, akamalizia Bibi Nakiete, mtu akitoa pole halafu akasimama tu mikono nyuma, huambiwa neno la Mzee Senkoro. Hatukukatazwa kusema pole, wajukuu zangu. Pole ni neno zuri. Ila lisemwe na mtu ambaye mikono yake imekwisha kunyooshwa.

Bibi akachukua ndizi nyingine. Pale kwenye sufuria mtoto wa Eliwaza alianza tena kulia, na mama yake, uso umejaa moshi, akajaribu kumtikisa kwa mabega huku mwiko mkononi.

Nanzia akafungua mdomo. Akaufunga. Akaweka kisu chini, akajifuta utomvu wa ndizi kwenye kanga, akaenda akafungua fundo la mbeleko, akampokea mtoto. Eliwaza akanyoosha mgongo, akashusha pumzi ndefu, akaendelea kukoroga.

"Sasa mpe pole," akasema Bibi Nakiete. "Maana pole haibebi mtoto, na wewe umekwisha kumbeba."