Kisu Kilichopita Kwenye Baridi

Mtu mmoja alikuwa na visu vinne vya kukerezea chuma, na vitatu vikaisha makali kwa siku moja. Aliitwa fundi Ambangile. Mashine yake ilikaa nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na tanuri ambamo mkewe, Tusekile, alioka mikate ya kuuza.

Kilichoviua visu vile ni kipande cha stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu. Kina mama wa kituo cha maziwa walikuja nacho mbio, shafti ya pampu ya kupozea imekatika, wachongewe mpya kwa kipande hiki, maziwa hayapoi, asubuhi wanayapokea na jioni wanayamwaga, na kipande ni hicho hicho kimoja, fundi tusaidie. Akajaribu. Chuma kikamshinda. Kisu cha nne akakiangalia, akaona akikipeleka hivi hivi nacho kitakufa.

Basi akakumbuka jambo alilofundishwa ujanani, kwamba kisu kikipita kwenye baridi kali mno, makali yake yanakaa. Akaenda kwa bwana mifugo, mwenye ule mtungi wa kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe, ndani yake maji ya baridi yanayotoka moshi bila moto. Kisu hakitupwi humo kwa ghafla, kitapasuka. Kinafungwa uzi, kinaning'inizwa juu kwenye moshi, kinashushwa kidogo, kinasubiriwa, kinashushwa tena. Kililala humo siku nzima na usiku wake, na fundi akakaa kwenye benchi pale nje kama mtu aliyelaza mgonjwa wodini, chai hataki, ukimsemesha anaitikia jambo jingine. Kilipopandishwa alikifunga kwenye sweta lake. Nyumbani Tusekile akakiweka kwenye tanuri mikate ikiisha kutoka, kipate joto lililobaki, polepole, maana kilichotoka kwenye baridi ile kisipopashwa kinavunjika kwa kugongwa kidogo tu. Akafanya hivyo mara mbili.

Jamani, alikipenda kisu kile! Alikitia mfuko wa shati, upande wa moyo, kila saa anakigusa kama bado kipo. Majirani wakamcheka, "Fundi, mtoto kaamkaje leo?" Naye anajibu kabisa, "Hajambo."

Siku ya kazi ikafika, kina mama wamesimama mlangoni na madumu yao. Fundi akafunga chuma kwenye mashine, akaiwasha, akasogeza kisu. Lakini mkono wake uliogopa. Akakigusisha tu, kwa juu juu, kisije kikaumia baada ya yote yale. Sasa chuma kile kina tabia yake. Ukikikata, kinakatika. Ukikipapasa, kinakaza ngozi, kinakuwa kigumu kuliko kilivyokuja. Kisu kikaanza kulia. Fundi kusikia kinalia akakionea huruma, akakilegeza zaidi, chuma kikakaza zaidi, kisu kikalia zaidi, moshi ukaanza. Kadiri alivyokihurumia ndivyo kilivyozidi kuumia, naye haoni.

"Baba wee, unakata au unapaka mafuta?" mama mmoja akamwuliza, na wenzake wakacheka, ila hawakucheka sana, maziwa yalikuwa yanaganda.

Tusekile alisikia kile kilio kupitia ukutani. Akaja na unga mikononi, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, pale kwenye usukani wa mashine, akasema taratibu, "Baba Gwakisa, hatukumpitisha kwenye baridi ile ili aje kuogopa. Mwache akate."

Fundi akavuta pumzi. Akapunguza mwendo wa mashine, akamwaga mafuta ya kupozea, akakizamisha kisu chini ya ile ngozi ngumu, na mkono wa mkewe haujatoka juu ya wake. Kilio kikakatika. Utepe wa chuma ukaanza kushuka, mrefu, mzima, unang'aa.

Shafti ikapatikana, na maziwa ya jioni ile yakapoa. Kisu kilipotolewa kilikuwa na pengo dogo kwenye ncha, dogo kama la jino la mtoto. Fundi akalipitishia kidole, akatabasamu huku machozi yanamlengalenga. Tangu siku hiyo hakukirudisha mfukoni. Alikiweka pamoja na vingine, mahali kinapochukuliwa kwa kazi.

Nawauliza ninyi kina mama wenzangu, na kwanza najiuliza mimi: huyu mtoto tuliyemsubiri nje ya wodi, aliyepita kwenye baridi yake akarudishwa mikononi mwetu, tukampasha joto kwa miili yetu, naye sasa anataka kushuka chini atembee na sisi tunamkumbatia hadi analia, je, tuliomba apone ili afanye nini?