Kitambaa Kilichofuliwa

Hapo zamani, na mtu asiniulize zamani ya lini maana nitanyanyuka niende zangu, palikuwa na mfinyanzi mmoja akiitwa Mwanasiti. Mji mzima ulipikia vyungu vyake. Mumewe, Kombo, alisuka vitanda vya kamba. Na waliishi na mama yake Kombo, Bi Mkejina, mwanamke msafi. Nikisema msafi, nasema msafi kupita kiasi: akimaliza kufagia uwanja wake, anafagia na wa jirani. Usafi huo uwekeni kando, tutaurudia.

Mwanasiti alizaa mara tatu. Watoto watatu, na wote watatu wakazikwa kabla ya arubaini zao. Siku moja akamwambia mumewe, "Bwana, kuzaa mimi basi. Lakini kulea bado nataka."

Kombo akafikiri, akasema, "Nasikia nchi ya ng'ambo ya milima, ile iliyopigwa na ukame, kuna mwanamke anaitwa Mama Nyembo. Analea watoto waliofiwa na wazazi. Twende tukamwombe mmoja."

Bi Mkejina alikuwa anasikiliza, akadakia, "Mkienda wawili mtaniletea mtoto ana chawa. Nami nakwenda."

Basi wakaenda watatu na punda wao, siku kumi za njia.

Sasa kabla hawajafika, niwaambie desturi ya mji wa kina Mwanasiti, msije mkaniuliza baadaye. Mtoto anayeletwa kutoka mbali haingii nyumbani kwa miguu yake. Akiingia kwa miguu yake huhesabiwa mgeni, na mgeni, hata akae miaka, ipo siku ataaga. Hubebwa na mtu mmoja, akavushwa kizingiti. Mtu huyo ndiye humpa jina. Ndiye humlaza ubavuni kwake mpaka jino la kwanza ling'oke. Na watu wakimwona mtoto njiani husema, huyu ni wa fulani. Mtu mmoja tu, si wawili.

Haya. Wakafika. Jumbe wa nchi ile akawaita, akawauliza maswali asubuhi mpaka adhuhuri, akaridhika. Mama Nyembo akamtoa mtoto wa kiume wa miaka miwili, ana macho makubwa, hasemi kitu. Mkononi kashika kitambaa. Kipande cha shuka kuukuu ya Mama Nyembo, kimechujuka, kinanuka moshi na maziwa yaliyochacha. Hakiachi, akila anacho, akilala anacho.

Mama Nyembo akasema, "Kaeni hapa siku saba, awazoee."

Kombo akatazama mawingu. "Mama yangu, mvua ziko njiani. Mto ukijaa tutakwama huku. Tunaondoka kesho."

"Haraka hiyo, baba!"

"Mama, tutakwama."

Mama Nyembo akamvuta Mwanasiti pembeni. "Mwanangu, huyu usimshike mpaka akushike yeye. Ukimng'ang'ania atakuogopa, na akikuogopa sasa atakuogopa siku zote. Utaweza?"

Mwanasiti akasema, "Nimengoja miaka kumi na miwili. Nitaweza."

Wakamweka mtoto kwenye tenga juu ya punda, na kitambaa chake, wakashika njia. Siku ya kwanza mtoto alikula. Siku ya pili alikula. Siku ya tatu wakafika kwenye kibanda cha wasafiri kando ya mto, mtoto akapitiwa na usingizi, kitambaa kikamponyoka. Mnajua tena. Bi Mkejina akakiona.

Akakichukua kwa vidole viwili. Akateremka mtoni, akakisugua kwa majivu, akakipiga juu ya jiwe, akakisuuza mara tatu, akakianika kichakani. Kikatoka cheupe kama yai. Mtoto alipoamka, bibi akampa huku anatabasamu, "Haya mjukuu wangu, kitambaa safi."

Mtoto akakinusa. Akakigeuza, akakinusa upande wa pili. Akakitupa.

Angelia, ingekuwa afadhali. Hakulia. Alijikunja akatazama ukuta. Jioni wakampa chakula, hakula. Kesho yake asubuhi hakula, mchana hakula, na midomo ikaanza kukauka.

Bi Mkejina akashika kichwa. "Ole wangu! Nimemuua mtoto wa watu kwa usafi!"

Kombo akafunga kamba za viatu. "Mama, hajafa. Nakwenda kwa Mama Nyembo."

Akaenda bila punda, mbio na kutembea, na mvua zile alizoziogopa zikamkuta huko huko njiani.

Kibandani wakabaki wanawake wawili na mtoto, katika nchi isiyo yao. Bi Mkejina akaomba maziwa kwa wachunga mbuzi. Akachovya kidole, akayadondosha mdomoni kwa mtoto. Tone, akatema. Tone, akatema. Tone, akameza. Hivyo kutwa, siku nne, mgongo unamuuma na hasemi.

Na Mwanasiti? Mwanasiti alikaa. Alikaa juu ya jiwe, hatua mbili kutoka kwa mtoto, asimshike. Jua likichomoza yupo. Jua likizama yupo. Mtoto akigeuka anamwona palepale, na nguo ileile. Mikono ilimwasha kutaka kumkumbatia, akaikalia. Aliogopa atamwona wa nne anakufa mbele yake, na bado akaikalia.

Bi Mkejina alichoka kumtazama. "Wewe mkamwana, mtoto anakufa umekaa kama mgeni wa harusi!"

Mwanasiti akajibu, "Mama, chungu kibichi ukikishikashika kinapasuka."

"Huyu si chungu!"

"Najua, mama," akasema, na machozi yakamtoka.

Siku ya nne alasiri Kombo akatokea. Miguu imevimba, viatu kaviacha kwenye tope. Chini ya shati kailinda shuka, kavu. Si kipande, ni shuka nzima. Mama Nyembo alikuwa kaivaa siku ile, aliposikia habari akajivua, akajifunga gunia, akasema, "Kimbia."

Kombo akampa mtoto. Mtoto akainusa. Akainusa tena. Kisha akalia, akalia kwa sauti yake yote, mpaka wachunga mbuzi wakaja kuchungulia. Bi Mkejina akasema, "Alhamdulillahi, analia!" Alipomaliza kulia, akafungua mdomo, akala uji mkononi mwa bibi, bakuli zima. Na alipomaliza kula, akaenda akiyumbayumba na shuka yake hadi kwenye lile jiwe, akaegemeza kichwa kwenye goti la Mwanasiti, akalala. Mwanasiti hakutikisika mpaka mguu ukafa ganzi.

Mmeona? Shuka kaipokea kwa Kombo, chakula kwa Bi Mkejina, usingizi kwa Mwanasiti.

Wakaendelea na safari, mtoto kwenye tenga, wakafika kwao. Majirani wamejaa uwanjani, mlango uko wazi. Jirani mmoja akauliza, "Haya, nani anamvusha?"

Kombo akasema, "Mimi. Asingekula bila shuka, na shuka imeletwa na miguu hii. Itazameni."

Bi Mkejina akasema, "Miguu yako ndiyo iliyotutoa kule kabla ya siku saba! Angekuwa katuzoea, kitambaa kingemdhuru nini? Mimi nimekosa, nakiri, kufua nilifua mimi. Lakini siku nne roho yake ilikuwa kwenye ncha ya kidole changu. Ungemletea nani shuka, maiti? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aliyelea siku zile ni mimi. Tena mimi ni mzee, jino lake la kwanza sijui kama nitalikuta. Niacheni nimvushe."

Mwanasiti akasema taratibu, "Mama, wewe ulikuwa na kidole cha kufanyia kazi. Bwana, wewe ulikuwa na miguu. Mimi nilikatazwa kufanya lolote, na hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo. Kwenye kizingiti hiki nimepitisha majeneza matatu kwenda nje. Sijapitisha mtoto kuingia ndani hata mmoja." Akanyoosha mikono.

Kombo akamteremsha mtoto kutoka kwenye tenga, akamsimamisha chini mbele ya mlango. Na mtoto, ambaye tangu watoke kwa Mama Nyembo hakuwa ametamka neno, akatamka. Akasema, "Mama."

Neno hilo kwao na kwetu ni moja, wote walilielewa. Lakini alipolisema uso ulikuwa ndani ya shuka, na mgongo kaupa mlango. Alikuwa anatazama njia waliyojia.

Sasa wewe hapo unayetaka kuniambia wambebe wote watatu, mlango ni mwembamba na desturi nimeshakwambia. Na wewe unayetaka kusema arudishwe kwa Mama Nyembo, huyo ana wengine kumi na mmoja, na ndiye aliyesema "kimbia." Na asiniambie mtu mtoto aingie mwenyewe, mnataka awe mgeni?

Mwanasiti bado kanyoosha mikono. Bi Mkejina anafuta macho kwa ncha ya kanga. Kombo kasimama na miguu yake ile. Na zile mvua zimewafuata mpaka nyumbani, matone yameanza, mtoto yuko uwanjani na shuka yake. Semeni upesi asilowe: nani alistahili kumvusha kizingiti?